Mhariri, mmeisahau ndege ya Jimma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo lililomo katika makala yenu ya Jumapili mbili zilizopita kuhusu usafiri wa anga nchini Ethiopia. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, maana si kawaida magazeti yetu ya Kiswahili kutoa ukurasa mzima kwa habari za ndege. Mara ya pili nikabaki na donge rohoni. Mwandishi anaanza na mwaka 1945 na mkataba wa Wamarekani ulioanzisha shirika la Ethiopian Airlines, anazigusa jeti za miaka ya 1960 kwa haraka, kisha anatua mwaka 2012 na Dreamliner, ile jeti kubwa ya kisasa ya Boeing, ya kwanza barani Afrika. Miaka yote ya katikati ameimaliza kwa kusema kwamba milima ilikuwa kikwazo, na kikwazo kikaondoka ziliponunuliwa ndege kubwa.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu. Milima ya Ethiopia haijaondoka, ipo palepale ilipokuwa. Watu wa kule walijifunza kufanya kazi nayo, kwa ndege ndogo za mapangaboi, asubuhi baada ya asubuhi, na ufundi wao wote ukazaliwa humo. Nalisema hili kwa sababu nami nilipikwa katika chungu hicho.

Mimi ni fundi wa ndege mstaafu. Shirika la East African Airways lilipovunjika mwaka 1977, nchi zetu tatu zilijikuta kila moja inatafuta mafundi wake, na vijana wengi walipelekwa kusoma nje. Mimi nilipata bahati ya Addis Ababa. Nilifika Bole, uwanja wa ndege wa mji huo, mwaka 1983 nikiwa na miaka 22, sanduku moja na sweta ambalo mama alinisisitizia nilibebe ingawa nilimbishia. Nililivaa usiku huohuo. Nilikaa hadi 1985.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ngazi za bweni. Ghorofa moja tu, nafika juu nahema kama niliyepanda na gunia begani. Uwanja wa Bole uko mita 2,334 kutoka usawa wa bahari. Maji ya kule yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage tuliyojipikia siku za mapumziko yalikaa jikoni hadi tukakata tamaa. Mwalimu wetu wa injini, mzee tuliyemwita Gashe kwa heshima kama Waethiopia wanavyomwita mwanamume aliyewazidi umri, alitusikia tukilalamika juu ya maharage hayo, akatuambia siku hiyo hatafundisha kutoka kitabuni. Akatuuliza: kama hewa hii ni nyepesi kiasi kwamba maharage hayaivi na nyinyi mnahema kwenye ngazi, injini nayo itakuwa na hali gani?

Naomba wasomaji wanivumilie kidogo hapa, kwa sababu historia yote ninayotaka kuieleza imeshikiliwa na jambo hili. Pale Bole uzito wa hewa ni kama sehemu nne kwa tano za ule wa pwani. Injini inavuta hewa kidogo zaidi, kwa hiyo nguvu yake inapungua. Bawa nalo hubebwa na hewa hiyohiyo, kwa hiyo lazima ndege ikimbie zaidi ndipo inyanyuke. Rubani akiona kipimo chake cha kasi kinasoma noti 140 (noti ndiyo hesabu ya mwendo wa ndege), magurudumu chini yake yanakimbia kwenye lami kwa noti 157 hivi. Tairi zinachemka zaidi, breki zinabeba mzigo mkubwa zaidi akilazimika kusimama, na njia ya kurukia inayotosha pwani haitoshi tena. Jua likipanda na hewa ikapata joto, mambo yanazidi. Fundi wa pwani anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuligusa hesabu hilo. Sisi tulianza nalo wiki ya kwanza.

Sasa fikiria nchi yenyewe. Kaskazini kuna milima ya Simien, ambako Ras Dashen unapita mita 4,500. Mto Abay, ndio Nile ya Buluu, umechimba korongo lenye kina cha zaidi ya mita 1,000. Mashariki ardhi inaporomoka hadi Danakil, chini ya usawa wa bahari. Reli kutoka Djibouti ilifika Addis Ababa mwaka 1917, lakini reli hiyo ilihudumia upande mmoja tu. Mtu wa Gondar au wa Jimma aliendelea kutegemea punda na baghala, akashuka korongo siku moja na kupanda upande wa pili siku nyingine, na mvua za Juni hadi Septemba zikija alikaa nyumbani. Katika nchi ya namna hiyo ndege haikuja kama anasa. Kwa sehemu nyingi ilifika kabla ya barabara.

Ndege ya kwanza kutua Ethiopia ilifika Agosti 18, 1929. Ilikuwa Potez 25 ya Kifaransa, imetoka Djibouti, rubani wake André Maillet. Aliyeiagiza ni Negus Tafari, ambaye mwaka uliofuata alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie. Mwaka huohuo wa 1930 tayari kulikuwa na marubani Waethiopia wa kwanza, Mishka Babitcheff na Asfaw Ali. Makala yenu haikuwataja hata kwa herufi moja, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, maana msomaji anabaki akidhani kwamba hadi Wamarekani walipofika hapakuwa na mtu wa nchi ile aliyewahi kushika usukani wa ndege.

Haikutajwa pia ndege iitwayo Tsehay. Iliundwa huko huko Ethiopia, ikaruka mwaka 1935, kazi ya mhandisi Mjerumani Ludwig Weber na mafundi wa Kiethiopia. Ilipewa jina la binti wa Mfalme, na kwa Kiamhara neno hilo maana yake ni jua. Haikupata kuzaa nyingine. Majeshi ya Mussolini yalikuwa yameshavuka mpaka Oktoba mwaka huo, na ndege ile ikaishia kuchukuliwa Italia, ikawekwa katika jumba la makumbusho kwa miongo mingi. Januari 2024 Italia iliirudisha kwa Ethiopia. Niliiona kwenye televisheni ya mjukuu wangu, kindege chekundu chenye viti viwili, na sikuona haya kulia mbele ya mtoto. Wakati tunasoma, Gashe alikuwa akitutajia ndege hiyo kama mtu anayetaja ndugu aliyepotea vitani ambaye kaburi lake halijulikani.

Kuna mwingine ambaye naona ni dhambi kumwacha nje: John Robinson, Mmarekani mweusi wa Chicago, aliyekwenda Ethiopia mwaka 1935 kumsaidia Mfalme kwa ndege wakati dunia imekunja mikono. Vita vilipokwisha alirudi, akafundisha vijana kurusha ndege, na akafia Addis Ababa mwaka 1954 baada ya ajali ya ndege.

Ndiyo, mwaka 1945 ulikuja mkataba na kampuni ya ndege ya TWA ya Marekani, hilo mwandishi wenu amelisema sawasawa. Lakini ameuelezea kana kwamba Wamarekani walileta shirika lao. Shirika lilikuwa mali ya serikali ya Ethiopia tangu siku ya kwanza, na jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege lilikuwa la Ethiopia. TWA walitoa mameneja, marubani na mafundi. Safari ya kwanza ilifanyika Aprili 8, 1946, kutoka Addis Ababa kupitia Asmara hadi Cairo, kwa ndege ya C-47, aina ambayo wengi wanaijua kwa jina la DC-3, iliyobaki kutoka vita kuu. Ndani yake hakukuwa na viti tunavyovijua leo. Kulikuwa na mabenchi ya kukunjwa kila upande, abiria wanatazamana, na katikati inafungwa mizigo. Muda si mrefu ikaanzishwa safari ya Jimma, na hapo ndipo kichwa cha barua hii kilipotoka.

Jimma ni nchi ya kahawa. Ndege iliyopeleka abiria na nguo ilirudi na magunia. Na marubani waliojifunzia njia hizo za ndani, kutua kwenye viwanja vya nyasi vilivyokatwa ubavuni mwa mlima, ndio baadaye waliokabidhiwa ndege kubwa. Mkataba ulipofanywa upya mwaka 1953 uliweka wazi kwamba lengo ni kazi yote ifanywe na Waethiopia wenyewe. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa kapteni wa kwanza Mwethiopia katika shirika hilo, akiwa kwenye DC-3 hiyohiyo. Mwaka 1971 Kanali Semret Medhane akawa meneja mkuu wa kwanza mzalendo. Hesabuni: miaka 25 tangu safari ya kwanza. Mtu akiniuliza shirika lile lilisimama kwa sababu gani, namwonyesha miaka hiyo 25, kabla sijamwonyesha ndege yoyote.

Nilisafiri na DC-3 kwenda Jimma mara moja tu, Septemba 1984, mvua zikiwa zinakatika na maua ya manjano wanayoyaita adey abeba yamefunika kando ya njia. Nilichukuliwa kama mwanafunzi wa kubeba sanduku la vifaa, ikiwa itatokea hitilafu njiani. Ndege ile haikuwa na mfumo wa kuhifadhi hewa ndani, kwa hiyo hewa ya nje ndiyo hewa tuliyovuta, na baridi ya nje ndiyo baridi iliyotukuta. Wazee walijifunika gabi zao nzito za pamba hadi masikioni. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa na mtoto mchanga. Mara injini zilipopandishwa sauti akamweka mtoto kwenye titi, na alipoona namtazama akanionyesha sikio lake kwa kidole. Alijua kwamba mtoto akimeza, masikio hayamuumi. Hakuna aliyemfundisha darasani. Kwa watu wa kule ndege ilikuwa kama basi lilivyo kwetu, kila mtu na ujuzi wake wa safari.

Tulipovuka bonde la mto Gibe ndege ilidondoka kidogo, ikainuliwa, ikadondoka tena. Rubani hakushindana nayo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wao, nikaona mikono yake imelegea kwenye usukani, anaiacha ndege ipande na hewa kisha anairudisha taratibu. Baada ya Jimma tuliendelea hadi kiwanja kimoja cha nyasi kusini zaidi. Rubani akapita kwanza chini chini bila kutua, na kupitia dirishani nikawaona wavulana wawili wakikimbiza ng'ombe kutoka kwenye njia ya kurukia, wanarusha fimbo na kupiga kelele, ng'ombe hawana haraka. Tukazunguka tukarudi. Tulipozima injini wavulana wale walikuwa wameshasimama kando ya bawa, wanahema, wanatabasamu, kana kwamba nao ni sehemu ya wafanyakazi wa ndege. Na kwa kweli walikuwa.

Mwandishi wenu aseme sasa ni ndege gani kubwa ingetua pale.

Uwanja wa Bole nao una sababu yake. Kabla yake ndege zilitumia kiwanja cha Lideta, ambacho njia yake haikutosha jeti. Jeti za kwanza za shirika, Boeing 720B, zilifika Desemba 1962, na ndipo kazi ikahamia Bole. Kwa hiyo hata hapo hewa nyepesi ndiyo iliyoamua ndege gani inunuliwe na lami iwe ndefu kiasi gani. Baada ya mapinduzi ya 1974 serikali ya kijeshi iliyoitwa Derg ilielekea Moscow kwa karibu kila kitu, lakini shirika la ndege likaendelea na Boeing, likanunua 727 na baadaye 767. Tuliosoma chini ya serikali hiyo, na amri ya kutotoka nje usiku, tulilijua jambo hilo kuwa zito. Hanga, yaani banda la kutengenezea ndege, lilikuwa mahali ambapo kitabu cha mtengenezaji kilikuwa na neno la mwisho.

Ile 767 niliiona ikifika. Ilikuwa Juni 1, 1984, tumesimama kando ya hanga na ovaroli zetu. Ilitoka Washington hadi Addis Ababa bila kutua popote, kilomita 12,082 kwa saa 13 na dakika 17, ndege yenye injini mbili tu. Wakati huo hakuna ndege ya injini mbili iliyokuwa imefika mbali hivyo. Sisi wanafunzi tulipiga vigelegele na makofi. Gashe hakupiga makofi, alingoja tunyamaze, kisha akauliza kama ndege hiyo ingeweza kuigeuza safari, ikaanzia Bole ikaishia Washington. Mmoja wetu akajibu upesi kwamba umbali ni uleule. Akatupeleka darasani na ovaroli zetu chafu, akachora ubaoni. Washington iko karibu na usawa wa bahari, ndege inaweza kuondoka na matangi yaliyojaa. Kutoka Bole haiwezi kunyanyuka na mzigo huo wa mafuta. Hata katika zama za Dreamliner, safari ya kwenda Marekani iliendelea kusimama njiani kuongeza mafuta, na ya kurudi ikanyoosha moja kwa moja. Msomaji aliyewahi kupanda ndege hiyo akashangaa kwa nini anatua Ulaya au Afrika Magharibi wakati wa kwenda tu, jibu ndilo hilo. Mlima bado unadai ushuru wake, hata kwa ndege ya kisasa kuliko zote. Uwanja mpya unaokusudiwa karibu na Bishoftu utakuwa chini ya Bole kwa mita mia kadhaa, na fundi yeyote atakwambia mita hizo zina thamani gani.

Niseme na kosa langu, kwa sababu bila kosa hilo nisingeelewa nilichokuwa nikifundishwa.

Usiku wa Addis Ababa ni wa baridi. Tangi la ndege likilala nusu tupu, unyevu wa hewa iliyomo ndani hugeuka maji kwenye kuta na kushuka chini ya petroli, kwa kuwa maji ni mazito. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ndege haijawashwa, fundi hupita na chupa ya glasi, anafungua koki ndogo chini ya kila tangi, anakinga kidogo na kuinua chupa kwenye mwanga. Petroli ya ndege hutiwa rangi ili aina yake ijulikane. Maji hayana rangi, yanakaa chini ya chupa kama jicho. DC-3 ina matangi manne. Asubuhi hiyo nilikinga matatu, vidole vimekufa ganzi, na matatu yote yalikuwa safi. La nne nikalipitia juu juu, nikafungua na kufunga, sikuinua chupa. Nikatia sahihi.

Gashe alikuja nyuma yangu bila neno. Akafungua koki ya tangi la nne, akakinga, akanipa chupa niishike mwenyewe. Chini yake palikuwa na tone la maji lenye ukubwa wa punje ya harage. Nikaliangalia likiteleza huku na huku kwenye kitako cha chupa. Ndege ile ilikuwa iondoke kwenda kaskazini, juu ya milima ambayo huwezi kupata pa kutua injini ikikohoa. Hakunifokea. Alichukua kalamu, akakata sahihi yangu kwa mstari mmoja ulionyooka ili jina langu lisomeke bado, akaandika saa na kuniambia niendelee kukinga hadi petroli itoke safi. Kwa wiki mbili zilizofuata nilikinga kila ndege iliyolala nje, peke yangu, na kuandika katika daftari nilikuta maji kiasi gani kwenye kila tangi. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Nimetaja saa. Hapo pana jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili watalipenda. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa tatu ya asubuhi ni saa tatu. Katika bweni lenye vijana wa nchi nyingi za Afrika, sisi Waswahili tu ndio hatukupotea njia ya chakula cha mchana. Lakini mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane na una miezi 13, na vitabu vya ndege vinaandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko saa tatu nyuma ya Addis. Kwa hiyo kazi iliyofanyika saa tatu asubuhi iliandikwa kitabuni kuwa 0600, katika mwaka 1984, na fundi mwenzangu aliyetia sahihi pembeni alikuwa nyumbani kwao akiishi mwaka 1976. Kila mmoja alijifunza kuvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine bila kukosea. Naamini jambo hilo pekee lilitusaidia kuwa waangalifu.

Siandiki kana kwamba kule hakukuwa na misiba. Septemba 15, 1988, nikiwa nimesharudi nyumbani, Boeing 737 iliyokuwa ikiondoka Bahir Dar iliingia katika kundi la njiwa, injini zote mbili zikaathirika, na watu 35 kati ya 104 wakafa. Novemba 1996 ndege iliyotekwa iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufukwe wa Komoro, wakafa watu 125. Na Machi 10, 2019, ndege ya kwenda Nairobi iliondoka Bole, na dakika sita baadaye watu wote 157 walikuwa wamekufa, 32 kati yao Wakenya.

Msiba huu wa mwisho makala yenu imeupa mstari mmoja, na mstari wenyewe unataja makosa ya marubani. Mhariri, hapa nakuomba sana usahihishe. Siku zile za mwanzo kulikuwa na sauti nyingi kutoka nje zilizoharakisha kuulaumu ufundi na mafunzo ya Kiafrika, na mimi nilizisikia nikiwa na redio sikioni, nimekaa kwenye kiti changu hadi usiku. Miezi mitano tu kabla, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Programu ya kompyuta iitwayo MCAS, iliyotegemea kihisi kimoja tu cha pembe ya bawa, ilikuwa ikiisukuma pua ya ndege chini mara kwa mara. Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, Desemba 2022, iliitaja programu hiyo kuwa chanzo. Wamarekani waliongeza hoja zao juu ya marubani, lakini na wao walikubali kwamba programu hiyo ilisababisha. Ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka dunia nzima ndani ya siku chache. Na wasomaji wakumbuke ardhi yenyewe: anayeondoka Bole anaanzia mita 2,334, na vilima vimepanda pamoja naye. Dakika sita ndizo zilizokuwepo. Kuwaandika wale vijana wawili kwa mstari mmoja ni kuwaonea.

Nilitarajia pia kumwona Amsale Gualu, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kufikia cheo cha kapteni katika shirika hilo mwaka 2010. Nilitarajia kusoma habari za shule ya marubani na mafundi ya Addis Ababa, iliyofundisha vijana kutoka kona nyingi za Afrika, na za hanga lililotengeneza ndege za nchi nyingine. Katika kijiji changu leo kuna watu watatu wanaojua kwamba nilisoma Ethiopia, na kila mmoja anadhani nilikwenda kusomea ndege za nje. Nilikwenda kusoma ndege za Jimma, za Gondar, za Lalibela.

Pamoja na barua hii natuma picha moja. Ni ya mwaka 1984, mbele ya hanga, tumesimama wanafunzi tisa chini ya pua ya DC-3, na Gashe ni yule wa kulia kabisa aliyeshika chupa ya glasi. Mkiona inafaa, ichapeni katika ukurasa uleule mlioichapia Dreamliner. Tafadhali mnirudishie kwa anwani iliyo nyuma yake, sina nyingine.

Wako,
Fundi wa ndege mstaafu,
Moshi